Mguu wa Jemadari

Nilianza kumchapia mzee yule habari za babu yake mwaka uliofuata lile jaribio la kuipindua serikali. Watalii walikuwa wameadimika, na ile hoteli ya Bofa nilikokuwa nikifanya kazi mapokezi ilitupunguza karibu nusu yetu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, cheti cha kupiga taipu nilichokipata Mombasa, na miguu isiyotulia. Wazazi wangu walitoka bara wakanunua shamba Tezo baba alipopata kazi kwenye kiwanda cha korosho, na tangu nipate akili niliona kama tunaishi pale huku mizigo imefungwa. Mama alikuwa bado anasema "nyumbani" akimaanisha mahali ambapo mimi sijapata kulala hata wiki mbili mfululizo. Kwa hiyo nilipopunguzwa sikurudi Tezo. Nilikwenda Malindi nikapanga chumba.

Mwenye nyumba alikuwa mama mjane kutoka Jilore, mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alinipa chumba cha nyuma. Baada ya mwezi nikamwambia kinanibana, akanipa cha mbele. Baada ya mwezi mwingine nikaomba kurudi cha nyuma. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Hamisha godoro lako, mwanangu. Ufagio uko mlangoni."

Tangazo nililikuta posta, limeandikwa kwa mkono wa mtu aliyefunzwa kuandika vizuri: anatafutwa mpiga taipu mwenye subira. Subira sikuwa nayo, lakini kodi ilihitajika, nikaenda.

Mzee aliishi mji wa kale, nyumba ya ghorofa moja nyuma ya msikiti. Alikuwa amestaafu forodhani miaka mingi, na alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, mwembamba, kanzu imenyooshwa, makubadhi miguuni. Nilimwamkia shikamoo, akanijibu, kisha akaniketisha mbele ya taipureta nzito nyeusi na kunisomea sentensi tatu za kunijaribu. Alizisoma akitembea. Nilidhani ana haraka siku ile. Baadaye nikajua kwamba mzee yule hakuweza kutunga jambo akiwa ameketi. Alitoka dirishani akaenda mlangoni, akarudi dirishani, na makubadhi yake yakawa yananipa mwendo wa kupigia herufi.

Nilipomaliza nikamwuliza, "Hii kiti naweza kuisogeza?"

"Kiti hakina hii, binti. Kina hiki," akasema. "Kisogeze utakavyo. Kesho saa mbili."

Babu yake alikuwa jemadari wa majeshi ya Sultani, karne iliyopita. Mzee hakumwona, alizaliwa yule jemadari akiwa ameshakufa. Lakini baba yake alimsimulia, na zaidi ya hayo lilikuwako sanduku la barua, zote za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo mzee alizisoma kwa sauti kama mtu anayesoma gazeti la jana. Alitaka kitabu. Ndugu zake wa Mombasa walitaka pia, na mpwa wake mmoja, mfanyabiashara, alikuwa ameahidi kukipeleka kwa mchapishaji.

Nilikuwa sijui lolote kuhusu askari wa zamani zile, na nakiri kwamba sura za kwanza zilinikamata. Baba wa jemadari alikuwa askari aliyeletwa kutoka ng'ambo ya bahari kulinda ngome ya Mombasa. Mtoto alizaliwa humo ngomeni. Akiwa na miaka kumi alibeba pembe za baruti. Akiwa na miaka kumi na saba alipelekwa visiwa vya kaskazini kwenye vita ambavyo jeshi la Sultani lilipigwa vibaya. Akakaa siku mbili ndani ya mikoko, maji kifuani, gobori lake amelishika juu ya kichwa lisilowe. Mzee alipofika hapo aliinua mikono yote miwili juu, akatembea hivyo chumba kizima, na mimi nikasahau kupiga taipu.

"Mbona umenyamaza?" akauliza bila kugeuka.

"Nilikuwa namwona."

"Taibu. Sasa mwandike."

Akapanda. Akawa mkubwa wa askari hamsini, kisha mia. Akapelekwa Unguja kufunzwa gwaride na Mzungu aliyekuwa ameajiriwa na Sultani, akamchukia Mzungu yule, akajifunza kila kitu kwake. Akarudi pwani akiwa jemadari, akapewa Malindi na bara lake. Hata huko hakutulia. Barua zake zote ziliomba jambo lile lile kwa maneno tofauti: nipelekeni pengine. Niliposikia hivyo nilimpenda. Nilidhani nimempata mtu wa kabila langu, kabila la wasiokaa.

Miezi mitatu ilipita hivyo. Asubuhi moja mzee akasema, "Sura mpya. Andika: Na mwaka huo akatuliza bara."

Nikaandika. Kisha nikauliza, "Alituliza vipi?"

"Vipi, vipi? Palikuwa na fujo, akaenda, pakawa kimya."

"Fujo za nani?"

Makubadhi yakasita, yakaendelea. "Za watoro. Watumwa waliokimbia mashamba ya mtama ya hapa mjini, wakajijengea vijiji huko Jilore na mbele yake. Ilisemekana walikuwa wakija kuiba. Andika, binti. Katika safari hiyo Jemadari alipigwa mkuki wa goti na adui, naye akaendelea kuamrisha akiwa amelazwa kitandani, na askari wake wakambeba hadi Malindi wakiimba."

Nikamwuliza kama ndivyo barua inavyosema. Akaitafuta, akanisomea. Barua ilikuwa fupi kuliko zote: Tumeingia kwa watoro. Nimepata jeraha la goti, Mungu ni mwenye kusitiri. Tumerudi na tuliowapata. Hakukuwa na mkuki wala wimbo.

"Mkuki uko wapi?" nikauliza.

"Mkuki ni wa baba," akasema. "Kila Idi alitusimulia. Piga."

Nikapiga. Lakini jioni ile, nikimsaidia mwenye nyumba kuchambua mchele wa shule, nilimsimulia habari za kazi yangu, kama nilivyozoea. Nilipotaja Jilore akaacha kuchambua.

"Huyo jemadari wako," akasema, "alikuwa anachechemea?"

"Umejuaje?"

"Kwetu mtoto akikataa kulala huambiwa jemadari anakuja, sikiliza mguu wake." Akaigiza kwa kiganja juu ya sinia: pigo zito, pigo jepesi, pigo zito. "Mwulize hawe."

Hawe ni bibi yake, mama wa baba yake, aliyekuwa bado hai Jilore. Na kwa kuwa Jumamosi ile palikuwa na matanga ya jamaa yao, mwenye nyumba akaniambia nifuatane naye. Nilikwenda. Sikumwambia mzee.

Hawe alikuwa kizee kidogo, mkali, asiyependa kukatizwa kazi. Tulimkuta anatoa mawe kwenye kunde, mbali kidogo na waombolezaji. Alisema Kigiriama, na kwa kuwa nilikulia Tezo nilifahamu zaidi ya nusu. Iliyobaki mjukuu wake alinieleza. Mama yake hawe hakuwa Mgiriama. Aliletwa pwani kutoka kusini akiwa mtoto, akauzwa Malindi, akalimishwa mtama, na siku moja yeye na mdogo wake wa kike wakakimbia na wenzao. Walikaa Jilore misimu minne. Walilima chao, walijenga, walianza kuozana.

"Jeshi lilikuja alfajiri," hawe akasema. "Mama alikuwa anatwanga. Watu wakakimbilia migombani. Mama hakukimbia, mdogo wake alikuwa amelala ndani. Akaingia ndani na mchi wake mkononi, akakuta mtu ameshamshika mtoto. Mtu mwenye joho, siyo askari wa kawaida. Ameinama, amempa mama mgongo."

Hawe akachukua punje ya kunde iliyooza, akaitupa.

"Akampiga. Hakulenga kichwa, alilenga nyuma ya goti, kama unavyompiga ng'ombe aliyegoma. Akaanguka. Askari wakaingia, mama akatoroka kwa nyuma ya nyumba. Alidhani mtoto anamfuata. Hakumfuata. Walimchukua pamoja na wengine, na mkubwa wao wakambeba kwa kitanda. Kulikuwa na kijiji kingine mbele, hawakufika. Walirudi njia waliyokuja kwa sababu ya ule mguu."

"Na mdogo wake?" nikauliza.

"Ningejua ningekwambia mwanzo."

Nilirudi Malindi nikiwa sina raha. Jumatatu nilikwenda kazini nikapiga kurasa sita za mipango ya ngome, idadi ya vitanda, mgawo wa samli, na kila neno nililiona la uongo ingawa halikuwa la uongo. Sikusema lolote. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Nilianza kukosea herufi. Nilihama tena chumba. Mwenye nyumba akaniangalia nikiburura godoro na kusema, "Godoro halina kosa, mwanangu." Nilikuwa nikitembea kila jioni kutoka posta hadi gatini na kurudi, nikijiambia kwamba kazi yangu ni kupiga taipu, siyo kutunga, kwamba mzee ni mtu mzima, ana heshima zake, kwamba mimi ni mgeni kwa yule na kwa hawe pia.

Aliyenifanya niamue ni kaka yangu. Alikuwa askari, mmoja wa wale vijana waliokamatwa baada ya lile jaribio, akafungwa miezi kadhaa, akaachiliwa bila kazi. Tangu hapo alikuwa Tezo, analima mihogo ya baba. Nyumbani hakuna aliyezungumzia siku ile. Mama alikuwa amegeuza picha yake ya kijeshi ikatazama ukuta, kisha akaona haya, akaitoa kabisa. Nami pia sikuwahi kumwuliza. Kila nilipokwenda Tezo tuliongea juu ya mvua.

Jumapili moja nilimfuata shambani. Alikuwa anang'oa mihogo, nikashika kapu. Nikamwambia habari za jemadari, za hawe, za ule mchi. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza nikamwuliza jambo ambalo sikuwa nimepanga kuuliza.

"Siku ile wewe ulifanya nini?"

Alikaa juu ya tuta. Akasugua udongo viganjani.

"Niliamshwa, nikapewa bunduki, nikaambiwa nilinde lango," akasema. "Sikujua namlinda nani na kwa nini. Mchana wakaja wengine wakatuambia tuweke silaha chini. Palikuwa na mwenzangu hakuweka upesi." Akapangusa viganja. "Nililala karibu naye mpaka jioni. Hawakuniruhusu kumsogeza."

Nikaweka kapu chini.

"Unajua," akaendelea, "tangu nitoke, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Baba huniuliza kama jembe linatosha. Mama huniuliza kama nimekula. Watu wakikuuliza kila kitu isipokuwa kile, unajua wameshajijibu wenyewe."

Nilirudi Malindi siku ile ile. Asubuhi, kabla mzee hajaanza kutembea, niliweka karatasi na kupiga ukurasa mmoja, kila kitu kama hawe alivyokisema: joho, mchi, goti, mtoto, kijiji cha pili ambacho hakikufikiwa. Nikauweka juu ya rundo la sura ile. Kisha nikakalia mikono yangu.

Mzee aliusoma akiwa amesimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesimama mahali pamoja. Aliusoma, akaurudia.

"Nani amekwambia?"

"Bibi wa mama ninayekaa kwake. Aliyepiga ni mama wa huyo bibi."

"Nawe ukaenda kwake lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu umekaa hapa unanipigia hesabu za samli."

"Naam, mzee. Nilikuwa naogopa."

Akauweka ukurasa juu ya meza, akaulainisha kwa kiganja ingawa haukuwa na kunjo. "Nenda nyumbani, binti," akasema. Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepandisha.

Siku tisa hakuniita. Niliandika barua za kuomba kazi Mombasa, Nairobi, hata Kitale ambako sijui mtu. Nilifunga sanduku langu nikalifungua. Nilijilaumu asubuhi na kujisifu mchana, na jioni sikuwa na la kujilaumu wala la kujisifu, nilikuwa nimechoka tu. Siku ya kumi, baada ya alasiri, mlango ukabishwa. Mwenye nyumba alifungua, nikasikia sauti yake ndogo ikisema shikamoo, na sauti niliyoijua ikijibu.

"Marahaba. Nimemfuata mwandishi wangu. Na nimekuja kwako pia. Bibi yako yu hai bado?"

"Yu hai."

"Anapokea wageni?"

Mwenye nyumba akafikiri. "Anampokea mtu akija kwa adabu."

"Nitajitahidi," akasema mzee.

Tulikwenda kwa pikapu ya jirani yake, mzee mbele, sisi wawili nyuma juu ya mkeka. Kupitia kioo cha nyuma niliona vidole vyake vinapitisha tasbihi, vinafika mwisho, vinaanza tena. Njiani aliomba gari lisimame mara mbili. Mara ya kwanza alishuka akatazama vichaka. Mara ya pili hakushuka, alikaa tu mlango wazi, mguu mmoja nje. Nilidhani atasema turudi.

Hawe alikuwa amearifiwa. Alikuwa amevaa kanga mpya na amekaza uso. Akampa mzee kigoda, na mzee, mwanamume mrefu wa mjini, akaketi magoti yakimfika kifuani. Wakasalimiana kwa muda, salamu za afya, za mashamba, za wafu wa karibuni. Kisha hawe akauliza, ingawa alijua, "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni mjukuu wa yule jemadari," mzee akasema.

Watu wa kijiji kile, waliokuwa wamesimama mbali kujifanya wana shughuli, wakageuka kutazama. Hawe akamtazama kuanzia kofia hadi makubadhi. Nilitazamia amtukane. Nadhani mzee naye alitazamia hivyo, alikuwa ameshainamisha kichwa.

"Ule mguu," hawe akauliza, "ulipona?"

Mjukuu wake akatafsiri. Mzee akainua uso.

"Haukupona," akasema. "Baba aliniambia alichechemea mpaka akaingia kaburini. Siku za mvua alikuwa analia kama mtoto, na watu wa nyumbani walitoka nje wasimsikie."

Hawe akatikisa kichwa taratibu. "Mama alikufa akijiuliza. Alikuwa akitwanga anasimama ghafla, anasema, labda nilimpiga kidogo."

"Hakumpiga kidogo," akasema mzee.

Halafu mzee akasema kwamba hakuja kumwombea babu yake radhi, kwa kuwa hajui kama mwenyewe angeitaka; amekuja kusikia kwa masikio yake. Hawe akamjibu, "Basi kaa vizuri usikie. Na wewe msichana andika, usije ukasema nimesema nisiyosema."

Alisimulia upya tangu mwanzo, kwa urefu kuliko alivyonisimulia mimi, na mzee hakunyanyuka kwenye kigoda kile mpaka mwisho, yeye ambaye hakuweza kusikiliza taarifa ya habari akiwa ameketi. Tulipelekwa mahali penyewe. Palikuwa ni shamba tu la mihogo na vigae vya vyungu kati ya matuta. Mzee alizunguka pale peke yake. Aliporudi alimwuliza hawe jina la yule mtoto aliyechukuliwa. Akaambiwa. Akalirudia mara mbili tatu polepole ili lisimtoke.

Tangu siku ile kitabu kilibadilika, na sitasema kilibadilika kwa utulivu. Mzee aliipasua sura ya zamani akaitunga mpya. Aliiandika mara nne. Mara moja ilikuwa kali mno kwa babu yake, mara nyingine ilimwonea huruma mno, na kila mara alisema, "Siyo hivi. Futa." Kisha akaacha kuandika kabisa akaanza kutafuta. Ndani ya sanduku mlikuwa na orodha, karatasi zilizokunjwa ambazo hakuwa amezitilia maanani: waliorudishwa mjini na wenye mashamba waliokabidhiwa. Tulizipitia moja moja. Jina lile halikuwamo. Watu walikuwa wamepewa majina mengine na mabwana zao, majina ya siku na majina ya mapambo. Wasichana wadogo walikuwa kumi na mmoja. Yeyote kati yao angeweza kuwa yeye.

"Huyu," mzee alikuwa akisema, kidole juu ya jina. "Alipelekwa kwa watu wa mtaa wa pili. Wajukuu wao nawajua." Akavaa kofia akaondoka, nami nikabaki na taipureta. Aliuliza nyumba hadi nyumba. Wengine walimkaribisha kahawa wakasema hawajui. Wengine walikasirika, maana kumwuliza mtu wa mji wa kale kama bibi yake alikuwa mtumwa si swali dogo. Mwanamke mmoja alimfungia mlango usoni. Alirudi akiwa na jasho, akatembea dirishani na mlangoni, akasema, "Kesho nitajaribu wale wengine." Nami, badala ya kumzuia, nilikuwa nikimwandalia majina. Homa yake ilikuwa imeniingia.

Habari zikafika Mombasa. Yule mpwa mfanyabiashara alikuja, mtu wa miaka arobaini, manukato mengi, akaomba asome. Alisoma sura ya Jilore akiwa kwenye kiti changu.

"Mjomba," akasema, "hiki ni kitabu cha ukoo. Hili la mwanamke na mchi unaliweka la nini?"

"Ndilo lililotokea."

"Alisema nani? Bibi kizee wa mashambani. Na huyu," akanielekeza kidevu, "ni nani kutuingiza kwenye mambo haya? Hata si mtu wa hapa."

Nilitaka kusimama nitoke. Mzee akanionyesha kwa mkono nikae.

"Huyu ni mwandishi wangu," akasema. "Alichokiandika nimekwenda kukisikia mwenyewe. Tumesimulia mkuki miaka mingi sana, na mkuki haumo kwenye barua hata moja. Unataka kitabu, chukua chote. Hutaki, acha chote."

Mpwa akaacha. Aliondoka bila kunywa kahawa, na mambo ya mchapishaji yakaishia hapo.

Tuliendelea hivyo hivyo, bila mchapishaji. Tulifika miaka ya mwisho ya jemadari: Wazungu wameuchukua mwambao, jeshi limevunjwa, yeye amepewa joho la heshima na kuambiwa apumzike. Mzee alikuwa katikati ya sentensi, amefika dirishani, alipokosa neno. Nilidhani anatafuta. Kisha nikamwona anashika ukuta. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia na ulimi.

Aliishi miezi mitano baada ya hapo. Kazi ya kuandika haikuwapo tena, lakini niliendelea kwenda asubuhi, kwa kuwa binti yake, aliyekuja kumwuguza, aliniomba nimsomee. Nilimsomea kitabu chetu. Ikiwa nimekosea aligonga kitanda kwa mkono wa kushoto mara moja, na akitaka nirudie mara mbili. Alinirudisha kwenye mikoko zaidi ya mara ishirini. Sura ya Jilore aliisikiliza kwa macho wazi, bila kugonga. Yale majina kumi na moja ndiyo yaliyomsumbua. Kila nilipoyasoma aligonga mara mbili, nikarudia, akagonga tena, na macho yake yalikwenda mlangoni kama mtu anayetaka kofia yake.

Alikufa siku ambayo sikuwapo. Nilikuwa Kilifi kwenye usaili wa kazi. Kazi niliipata, ya kuchapa mashauri mahakamani. Nilipokwenda kutoa rambirambi nikakuta mpwa ameshalichukua sanduku pamoja na kurasa zetu zote. Binti wa mzee aliniambia akitazama chini kwamba hakuweza kumzuia. Sijui kama mpwa alizitia moto, au zimo katika kabati fulani Mombasa. Nilimwandikia mara mbili. Hakujibu.

Nilikwenda Jilore kumwambia hawe. Alikuwa mgonjwa wakati huo, amelala upande, lakini akili yake ilikuwa kamili. Nilimweleza kwamba yule mgeni wake amekufa, kwamba alitafuta kwa bidii, akiyafuata majina kumi na moja ya kwenye orodha, na hakupata, na kwamba kitabu kimechukuliwa.

"Alikwenda nyumba ngapi?" akauliza.

Nikamwambia ninazozijua.

Akaniomba nimtajie yale majina kumi na moja. Nilikuwa nayakumbuka, kwa jinsi nilivyoyasoma. Nikamtajia moja moja, akayasikiliza yote amefumba macho. Nilipofika la mwisho akasema nianze tena, nisiende mbio.